Saa ya masaa 80 na mkebe wa fundi wa Luwum

Saa ilizima tukiwa mahali fulani kabla ya Karuma na mi sikujua.

Basi la kwenda Kampala lilitoka Arua saa nne usiku, tukafika daraja la Karuma afande akapanda na tochi kuangalia mizigo, nikatupa jicho mkononi nione tumetumia muda gani, saa ikaniambia ni saa saba na dakika kumi na moja. Nikasema leo dereva anakimbia, Mungu atulinde. Tukaenda. Tukapita Kigumba, tukapita Kafu, watu wanakoroma, kuku wa mtu analia chini ya kiti, kufika Luweero anga likaanza kuwa jeupe, nikaangalia tena mkono. Saa saba na dakika kumi na moja.

Mzee aliyekaa pembeni yangu alikua na ile Casio ndogo nyeusi ya plastiki, ile kila mtu anaijua, ile ambayo hata ukiipoteza hauamki usiku kuiwaza. Nikamuuliza saa ngapi mzee. Akaminya kitaa. "Saa kumi na mbili kasoro kumi, mwanangu." Alafu akaangalia saa yangu, kioo cha safaya, mgongo wa kioo unaona mashine inavyocheza, akaniangalia usoni, hakusema kitu. Ile huruma yake ndo ilinikera zaidi.

Ilikua na miezi minane. Mashine mpya kabisa, aina mpya, sio ile ya kukopi kopi, mtengenezaji mwenye jina na historia, sitamtaja kwa sababu sitaki vita na pia kwa sababu nikimtaja mtadhani tatizo ni lake peke yake. Binamu yangu ndo aliileta kutoka Dubai. Pesa niliyolipa mke wangu anajua nusu. Na hii ni otomatiki, inajijaza yenyewe ukitembeza mkono, na hata ukiiweka mezani ijumaa jioni, kwa karatasi zao, jumatatu asubuhi uikute inatembea. Sasa we niambie, inawezaje kuzima kwenye mkono wa mtu anayerushwa rushwa na barabara usiku mzima?

Toka siku hiyo nimekua mtu wa kuwaza saa. Naandika hapa ili zitoke kichwani.

Kwanza nirudi nyuma kidogo. Mi nimekulia Bombo, mzee wangu alikua jeshini, kwa hiyo Kiswahili tulikinywa na uji, Kinubi kwa majirani, Luganda dukani. Mzee alikua na Seiko 5 moja, aliinunua Busia mwaka 1989, na hiyo ndo ilikua saa ya nyumba. Ndani yake kuna mashine ya 7009, mawe 17, yale mawe madogo mekundu ambamo vidole vya magurudumu vinazungukia ili visilike. Haina cha maana. Hauwezi hata kuijaza kwa kuzungusha kichwa chake, kile kitufe cha pembeni, lazima uitikise. Ukitaka kuiseti kwa sekunde haikubali, mshale wa sekunde unaendelea tu kutembea kama hausikii. Lakini ile saa imeenda kila mahali na mzee, imeingia mvua, imeingia matope, imeangukia sakafu ya simenti mara ngapi, na mpaka leo ukiichukua kabatini kwa mama ukaitikisa mara tatu nne, inaamka. Tik tik tik. Kwa hiyo mi nilikua na imani yangu tayari kabla ya Karuma: za zamani ni ngumu, mpya ni mayai. Karuma ilikuja kunithibitishia tu.

(Kitu kimoja cha pembeni. Sisi watu wa Kiswahili tuna ujasiri sana kulalamikia saa. Mshale uko kwenye saba tunasema saa moja, tunakosea masaa sita kwa makusudi kila siku ya Mungu na hakuna anayejali, alafu saa ikichelewa sekunde kumi tunaenda kwa fundi.)

Sasa hii biashara ya masaa 80, yaani muda saa inaotembea ukiivua bila kuijaza tena. Siku hizi kila saa mpya inakuja na hiyo sifa, masaa 70, masaa 80, kama vile simu zinavyouzwa kwa betri. Nikakaa nikasoma, nikaangalia video za mafundi wanazifungua, na nilichogundua ndo kimenifanya nianze kuwaza vizuri badala ya kulalamika tu.

Mashine ya saa ni kitu rahisi ukiielewa. Ndani kuna springi ndefu imekunjwa kwenye ngoma. Springi inataka kujikunjua mara moja, prrr, imalize. Mashine yote iliyobaki kazi yake ni kuikatalia. Ni kama mtu aliyepata mshahara na anataka kuunywa wote siku ya kwanza, lakini mke wake ameshika pochi anampa elfu mbili, kesho elfu mbili, keshokutwa elfu mbili. Yule mke ni balansi, lile gurudumu linalocheza kushoto kulia, pamoja na ule uma mdogo unaoachia jino moja moja. Saa nyingi za Uswisi mke anatoa mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kila sekunde. Kwa siku ni 691,200. Kwa mwaka inapita milioni 250. Vyuma vinagusana mara milioni 250, na mafuta yaliyomo humo ndani hayajai hata kichwa cha sindano. Ukiwaza hivo unaacha kushangaa kwa nini saa inazima, unaanza kushangaa kwa nini inatembea.

Sasa ukitaka saa ikae masaa mengi una njia mbili tu. Uongeze springi, au upunguze matumizi. Na ukubwa wa mashine hauongezeki, kwa sababu makasha ya saa yameshapangwa kwa saizi hiyo. Kwa hiyo wanabana.

Chukua ETA 2824-2, ile mashine ambayo imekua ndani ya saa za Uswisi za kila jina kwa miaka na miaka. Inapiga 28,800, inakaa masaa 38 hivi. Alafu wakachukua msingi wa mashine hiyo hiyo wakatengeneza Powermatic 80. Walichofanya, mhimili wa katikati ya ngoma wakaupunguza unene ili springi ndefu zaidi iingie, na mapigo wakayashusha mpaka 21,600, sita kwa sekunde badala ya nane. Masaa 80 hayo hapo. Ule mkono mdogo wa kusogeza ili saa iongeze au ipunguze mwendo wakautoa, saa inasetiwa kiwandani kwa leza, na kwenye matoleo mengine uma na gurudumu lake ni plastiki. Wenyewe wanasema plastiki hiyo ni maalum na haihitaji mafuta, na inawezekana kabisa, mi siwezi kubisha na injinia. Lakini mi ni mtoto wa Bombo, ukiniambia plastiki akili yangu inaenda kwenye beseni.

Rolex nao. Ile mashine yao ya 3135 ilitoka 1988, inakaa masaa 48 hivi, mafundi duniani kote wanaijua kama wanavyojua mikono yao. Mwaka 2015 wakaleta familia mpya, 3255 na 3235, masaa 70, kuta za ngoma zikapunguzwa unene ili springi ipate nafasi, na mfumo mpya wa uma wanaouita Chronergy ambao wanasema unatumia nguvu vizuri zaidi kwa asilimia 15. Dhamana ya miaka mitano, na wanaahidi saa haitakosea zaidi ya sekunde mbili kwa siku. Mbili! Kwenye siku yenye sekunde 86,400! Na bado kuna wamiliki wamelalamika kwamba zao baada ya muda zinaanza kuchelewa, ukiziweka kwenye kipimo unakuta balansi inacheza kwa uvivu, haifiki inapotakiwa. Sisemi ni zote. Zinatengenezwa nyingi mno, na mtu ambaye saa yake inatembea vizuri haamki asubuhi kuandika kwamba saa yake inatembea vizuri.

Hapo kwenye "inacheza kwa uvivu" nisimame kidogo kwa sababu ndo penye utamu. Balansi ikiwa na afya inazunguka kama digrii 270 mpaka 310 hivi kabla ya kurudi, wataalamu wanaita amplitudo. Saa ikiwa imelala mezani inacheza vizuri, ikisimama wima inapungua kidogo, springi ikikaribia kuisha inapungua tena. Ikishuka chini ya 200 unaanza kuombea. Mashine ya zamani ambayo imejazwa nguvu kupita mahitaji yake, hata mafuta yakikauka, hata vumbi likiingia, ina akiba ya kusukuma, inasukuma tu kama lori la mchanga. Mashine mpya iliyobaniwa ili ikae siku tatu, kila tone la nguvu limeshapangiwa kazi. Inapendeza ikiwa kila kitu kiko sawa. Kikiharibika kidogo tu, hamna akiba. Hiyo ni nadharia yangu, mi sio injinia, ila nikimweleza mtu yeyote mwenye boda anaielewa haraka kuliko watu wenye digrii.

Nilijaribu kupima yangu mwenyewe. Kuna programu za simu zinasikiliza saa kwa maikrofoni zinakupa namba, nikaishusha moja. Shida ni kwamba mi nakaa Kawempe. Mchana hauwezi, boda, rolex zinakaangwa (ile ya chapati na mayai, hiyo haijawahi kunichelewesha), watoto. Nikangoja usiku saa nane. Usiku saa nane kanisa la jirani walikua na kesha na spika zimeelekezwa dirishani kwangu, programu ikaniambia saa yangu inapiga mara 40,000 kwa saa. Usiku wa pili, mbwa. Usiku wa tatu nikaingia na saa chini ya blanketi, nimeibana na earphone, mke wangu akaamka akauliza nazungumza na nani. Lakini nikapata namba. Ikiwa imejazwa mpaka mwisho, imelala, 228. Ikisimama wima, 180 na kitu. Saa ya miezi minane.

Kesho yake nikaenda Luwum.

Kama haujui, pale Luwum Street, Kampala, kwenye veranda za maghorofa, kuna mafundi saa wamekaa na vile visanduku vyao vya kioo, mkanda, betri, vioo, mwamvuli juu jua likizidi. Wengi wao sasa wanabadilisha betri tu. Huyu wangu amepita miaka 60, alianza akiwa mtoto anafagia duka la Mhindi mmoja fundi saa, mwenye duka alipoondoka 1972 pamoja na wenzake, yeye alibaki na koleo ndogo mbili na lensi ya jichoni, na hiyo lensi anayo mpaka leo. Anaosha mashine kwa petroli kwenye kifuniko cha chupa. Mswisi akiona atazimia. Saa ya mzee wangu imepita mikononi mwake mara tatu.

Akaichukua yangu, akaweka lensi, akaangalia kupitia ule mgongo wa kioo, muda mrefu, kimya.

"Mwanangu, hii ni nzuri sana."

"Asante ssebo."

"Nzuri mpaka sina la kufanya."

Akanieleza. Kufungua anaweza, hakuna saa inayomshinda kufungua. Kuosha anaweza. Lakini akikuta kitu kimekatika humo ndani, atakitoa wapi? Mashine mpya, watengenezaji hawauzi spea kwa mtu wa veranda, wanauza kwa vituo vyao, na kituo cha karibu ni kupanda ndege. Na akiifungua tu, dhamana yangu imekufa. "Seiko ya mzee wako, ikikatika kitu, nafungua mkebe natoa kwa mwenzake."

Ni akili ile ile tunayonunulia magari hapa, tunaifanya bila hata kuiwaza. Kwa nini watu walizikimbilia zile Corolla za Kikumi? Hazikua nzuri kuliko gari zote. Ni kwamba ukiamka imekataa kuwaka, Kisekka kuna kila kitu chake mpaka msumari, na kila fundi ameshailala chini. Gari ya Ulaya mpya yenye kompyuta kumi na mbili ni tamu kuendesha, ila ikiwasha taa nyekundu ukiwa Masindi unakaa nayo pale mpaka mfalme arudi. Uaminifu wa kitu, kwetu, unaanza kuhesabiwa siku kimeharibika. Mzungu anauliza itakaa miaka mingapi bila kuharibika, mi nauliza ikiharibika jumatatu itapona lini.

Ndo maana watu wengi wanaotengeneza saa za bei ya kawaida wanaweka NH35 ya Seiko, mawe 24, masaa 41, unaijaza kwa mkono na mshale wa sekunde unasimama ukivuta kichwa. Wenyewe wanakuahidi itakosea kati ya kuchelewa sekunde 20 na kuwahi sekunde 40 kwa siku. Wameahidi kidogo, na nyingi zinafanya vizuri kuliko walivyoahidi, kama yule bwana harusi aliyesema sina kitu kumbe ana ng'ombe wawili. Ikifa unatoa yote unaweka nyingine. Na hapo ndo naanza kujichanganya mwenyewe, kwa sababu nimetoka kulia kwamba mpya hazitengenezeki, alafu nasifia mashine ambayo mafundi wengi wanaona rahisi kuitupa kuliko kuiosha. Swatch walifika mwisho wa hii njia 2013 na Sistem51, vipande 51, skrubu moja tu katikati, roboti zinaiunga, masaa 90, imefungwa na hakuna kufungua. Angalau hiyo haikudanganyi.

Nikamwambia mzee wa Luwum, kwa hiyo za zamani ndo zilikua saa. Nilidhani atafurahi.

Akainama chini ya meza akatoa mkebe wa Kimbo, ule mkubwa, akaumwaga juu ya gazeti. Mashine. Zimekufa zote. Roskopf za vidole vya chuma zisizo na jiwe hata moja, Oris, Citizen, Seiko nyingi, hata 7009 nikahesabu sita, ndugu kabisa wa ile ya mzee wangu. Nyingine zimeota kutu kijani, nyingine magurudumu yameondolewa kusaidia wengine. "Hizi zote zilikua za zamani," akasema. "Wenye nazo walizitupa hapa. Wewe unaijua ile moja ya baba yako kwa sababu ndo ilibaki."

Hapo nikanyamaza kidogo. Maana ni kweli, tunasifia zilizobaki, zilizokufa hazina wa kuzisemea.

Na kila mashine tunayoiheshimu leo iliwahi kuwa mpya na kuna watu waliikunjia uso. Nilikumbuka Omega, mwaka 1999 walileta mashine ya kalibre 2500 na mfumo mpya wa uma unaoitwa co-axial alioubuni Muingereza George Daniels, kitu kipya kweli kweli, matoleo ya mwanzo yakasumbua, zingine zinasimama tu bila sababu, ikabidi washushe mapigo kutoka 28,800 mpaka 25,200 na kurekebisha hiki na kile. Leo mashine zao nyingi zinatumia mfumo huo na watu wameshasahau kama kulikua na shida. Walionunua zile za kwanza ndo walilipa ada ya shule kwa niaba ya wengine. Na Lemania 5100, hiyo ni mashine ya miaka ya 1970, ya saa zenye stopwatch ndani, wakaweka vipande vya plastiki ndani, wapenzi wa saa wakatema mate, eti mashine ya Uswisi na plastiki! Ikaishia kwenye mikono ya marubani wa jeshi la Ujerumani ndani ya saa za Tutima, na leo wanaoijua wanaitafuta kwa pesa nyingi kwa sababu ilivumilia mitikisiko ambayo nyingine zilishindwa. Plastiki hiyo hiyo. Beseni, eh.

Kwa hiyo kosa langu mi sio kununua mashine mbaya. Inawezekana ni nzuri. Kosa ni kununua mwaka wa kwanza, wakati bado wanajifunza, na kukaa mahali ambapo wakimaliza kujifunza hawatanipigia simu.

Wiki hiyo nikaenda Bombo kumuona mama, nikamwambia nataka nijaribu kupima Seiko ya mzee, nilinganishe. Kule usiku ni kimya, programu ikasikia vizuri. Amplitudo 210. Inawahi sekunde 70 kwa siku. Sabini! Dakika na zaidi! Nikamwambia mama, mbona saa ya mzee inakimbia hivi, fundi ameiharibu nini. Akacheka.

"Hiyo ilikua inakimbia toka ananunua."

"Lakini mzee alikua hachelewi popote."

"Si alikua anaiseti kila jioni."

Na nikakumbuka. Kila jioni, taarifa ya habari ikianza kwenye redio, zile tii tii za kabla ya habari, mzee alikua anavuta kile kichwa, anasogeza mshale kidogo, anarudisha, anapiga saa kofi dogo kama mtoto, alafu ndo anaongeza sauti ya redio. Mi nilidhani ni tabia tu, kama watu wanavyokohoa. Miaka yote hiyo niliyosema Seiko ya mzee haijawahi kukosea, ilikua inakosea kila siku na kila siku kuna mtu anairudisha kwenye mstari kabla hatujala.

Mama akasema chukua, nenda nayo, inakaa bure hapa. Sikuichukua. Sijui kwa nini. Nikairudisha kabatini.

Yangu nikampa binamu akarudi nayo Dubai. Wiki kumi. Kila nikimpigia anasema iko kwa mainjinia. Ilivorudi ilikua inang'aa kuliko siku ya kwanza, kuna karatasi imeandikwa mashine imebadilishwa, dhamana inaendelea. Hakuna neno moja la kusema nini kilivunjika. Hawakuosha, hawakutengeneza, walitoa moyo wakaweka moyo mwingine wakafunga. Nikauliza kwa barua pepe, shida ilikua nini? Wakanijibu kwa heshima nyingi kwamba saa yangu sasa iko katika viwango vya kiwanda. Hilo silo nililouliza lakini sawa.

Nimeanza daftari. Kila jioni habari ikianza naangalia mshale naandika. Siku ya 1, inawahi mbili. Siku ya 2, inawahi mbili. Siku ya 9 nilisahau. Siku ya 23, inawahi nne, lakini nilikua nimeiweka juu ya spika ya woofer kwa hiyo labda ni sumaku, nywele ya springi, ule springi mwembamba unaochezesha balansi, ikishika sumaku inajibana na saa inakimbia, nikatafuta mtu mwenye kile kidude cha bluu cha kutoa sumaku, ikarudi mbili. Leo siku ya 41, inawahi tatu. Iko vizuri. Inaniudhi jinsi ilivyo vizuri. Miezi minane ni siku 240 hivi, na ile ya kwanza nayo siku ya 41 ilikua vizuri hivi hivi.

Jumamosi nilipita Luwum kumuonyesha mzee. Alikua na Citizen ya mteja imefunguliwa mbele yake, hakutoa lensi jichoni. Nikamwambia wamebadilisha mashine yote.

"Na ile ya kwanza walikurudishia?"

"Hapana mzee. Walibaki nayo."

Akaacha kazi kwa mara ya kwanza, akaangalia ule mkebe wa Kimbo chini ya meza.

"Ungewaomba," akasema, akarudi kwenye Citizen.